Mzigo Unapimwa, Moshi Unapita

Lori la mizigo linalopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma halikwepi mizani. Linapimwa Vigwaza, linapimwa Mikese, likishaumaliza mlima Kitonga linapimwa Wenda nje kidogo ya Iringa, kisha Makambako, kisha Uyole, na mwisho Mpemba kabla ya kuufikia mpaka. Ekseli zinapimwa, namba ya gari inaingizwa kwenye kompyuta, na aliyezidisha uzito anatozwa au anapunguza mzigo papo hapo. Dereva akishapokea karatasi yake anaingiza gia ya kwanza, anakanyaga mafuta, na bomba linatoa wingu jeusi linalowafunika wauza mahindi ya kuchoma na vijana wa bodaboda waliosimama kando. Wingu hilo halipimwi na mtu. Serikali inajua kwa kilo ni kiasi gani lori lile linaichosha lami, lakini haijui linawafanya nini watu wanaoishi pembeni mwa lami hiyo. Hoja yangu ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kupata vitu viwili ambavyo nchi nyingi zinavitafuta kwa shida, yaani dizeli yenye salfa ndogo na vituo ambako kila lori linalazimika kusimama. Kilichobaki ni kuupima moshi pale pale uzito unapopimwa, na kulipa jibu la kipimo hicho nguvu ya sheria.

Barabara hii ilijengwa kwa ajili ya malori tangu mwanzo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, njia ya Zambia ya kwenda baharini kwa upande wa kusini iliingia mashakani, na shaba na mafuta vikaanza kupita kwenye vumbi na matope kati ya Dar es Salaam na ukanda wa shaba, njia iliyopewa jina la jehanamu kwa ajali zake. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968, lami ya TANZAM ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Leo shaba na kobalti za Katanga nchini Kongo zinashuka, na mafuta, mbolea, salfa ya migodini na bidhaa za madukani zinapanda. Katikati ya msafara huo zinaingia mbao, nguzo za umeme na karatasi kutoka Mufindi, chai, viazi vya Njombe na mchele wa Usangu. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini hadi Tunduma, na sehemu ngumu zaidi ya safari hiyo ni huku juu, kwenye milima na baridi.

Milima na baridi vina uzito katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Dizeli ili iungue vizuri inahitaji hewa ya kutosha ndani ya silinda. Mafuta yakiingia mengi kuliko hewa, sehemu yake haiungui, inabaki kuwa kaboni, na kaboni hiyo ndiyo masizi tunayoyaona yakitoka bombani. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mafinga iko juu zaidi. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini nzima yenye tabo nzuri, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, inaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Injini iliyochoka, yenye tabo inayovuja na chujio la hewa lililojaa vumbi, haiwezi, na ukilipandisha Kitonga lori la aina hiyo likiwa na tani 30 mgongoni, utaona linavyokohoa moshi kutoka chini hadi juu. Kisha linafika Mbeya, mji uliokaa bondeni kati ya Loleza na safu za Uporoto. Usiku wa Juni na Julai hewa baridi hutuama bondeni chini ya hewa yenye joto kidogo iliyo juu yake, na moshi unakosa pa kupandia. Malori yakipanga foleni kutoka Uyole kupitia Mwanjelwa na Mafiati hadi Mbalizi, mji mzima unavuta kilichotoka kwenye mabomba yao.

Masizi hayo yana kitu zaidi ya weusi. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko micromita 2.5, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya mara ya chembe hizo. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinafika mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, na ndiyo sababu madaktari wanazihusisha na magonjwa ya moyo na kiharusi pamoja na pumu na kikohozi kisichokwisha. Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye asbesto na moshi wa tumbaku. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wachimbaji na wafanyakazi wengine waliokuwa wakiuvuta moshi huo kazini mwaka hadi mwaka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe hizo ndogo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, kwa sababu tafiti zilionyesha kwamba madhara yanaanza kwenye viwango vya chini kuliko ilivyodhaniwa. Sasa fikiria ni nani aliye karibu zaidi na bomba katika njia yetu: mama anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, msichana wa nyanya pale Ilula anayekimbilia dirisha la basi, utingo anayelala chini ya tela Tunduma akisubiri zamu ya mpakani, mtoto ambaye shule yake imepakana na barabara Makambako. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenunua mzigo ule wala aliyepata faida yake.

Kabla ya kusema nini kifanyike, ni haki kutambua kilichokwisha kufanyika, maana kinaonyesha kwamba sera ikiamuliwa inafanya kazi. Wasomaji wengi wanakumbuka zama za uchakachuaji. Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, ya dizeli kubwa, kwa hiyo wafanyabiashara wakayachanganya na kuuza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli, na injini zikaumia. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010, bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, na faida ya wizi ule ikakatika. Baada ya hapo manunuzi ya mafuta yakaunganishwa katika mfumo wa pamoja, meli moja ikileta shehena ya kampuni nyingi, hivyo ubora ukaweza kukaguliwa bandarini badala ya kufukuzana na kila tangi. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikahamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Kabla ya hapo kiasi cha mara kumi ya hicho, au zaidi, kilikuwa jambo la kawaida. Kuona ukubwa wa hatua hiyo, tazama Afrika Magharibi: taasisi ya Uswisi iitwayo Public Eye ilionyesha mwaka 2016 kwamba Ghana na Nigeria zilikuwa bado zinaruhusu hadi sehemu 3,000. Kwa jambo hili sisi tulitangulia, na inasikitisha kwamba ni wachache wanaolijua.

Lakini dizeli yenye salfa ndogo peke yake inaleta sehemu tu ya faida. Salfa ikipungua, moshi unapungua kiasi, na mvuke wenye tindikali unapungua pia. Faida kubwa inapatikana pale mafuta hayo yanapoingia kwenye injini iliyofungwa vifaa vya kusafisha moshi, kwa kuwa salfa ndiyo iliyokuwa ikiviharibu vifaa hivyo. Ulaya ilianza kuweka kikomo cha moshi wa malori kwa hatua zinazoitwa Euro. Hatua ya kwanza, ya 1992, iliruhusu gramu 0.36 za masizi kwa kila kilowati-saa ya kazi ya injini. Hatua ya sita, iliyoanza 2013, inaruhusu gramu 0.01, yaani pungufu kwa zaidi ya asilimia 97. Gesi za oksidi za naitrojeni, zinazochoma koo na kusaidia kutengeneza ukungu mchafu juu ya miji, zilitoka gramu 8 hadi 0.4. Waliofanikisha hayo hawakutumia miujiza. Walifunga kichujio cha kauri kwenye ekzosi, chenye mirija myembamba inayonasa masizi na kuyachoma yakishajaa. Wakaongeza tangi dogo la maji ya urea, ambayo madereva wa malori mapya wanayaita AdBlue, yanayonyunyiziwa kwenye moshi na kuzigeuza gesi zile kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Lori lenye vifaa hivyo likipanda Kitonga na tani zake 30, unaweza kusimama nyuma yake usione kitu.

Malori tunayoyaona kwetu, kwa sehemu kubwa, yalitengenezwa kabla ya hatua hizo za mwisho au yalivuliwa vifaa vyake njiani. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza magari yaliyotumika yanayosafirishwa kwenda Afrika kupitia bandari zao na kukuta mengi hayafiki hata hatua ya nne ya Euro, na mengine yameng'olewa vifaa vya kusafishia moshi, ambavyo vina madini ya thamani ndani yake. Huo ni uchafu unaohamishwa kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na kizuizi, na nchi inayouza ina lawama yake. Nchi inayonunua nayo ina mlango wake wa kulinda. Kenya imeufunga mlango huo kwa magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania imechagua ushuru wa uchakavu, ambao una kasoro moja: unaangalia mwaka wa kutengenezwa, hauangalii kinachotoka bombani. Lori la miaka kumi lenye kichujio kizima ni safi kuliko la miaka saba lililokatwa kichujio. Tukitaka ushuru ufanye kazi ya afya, uende na kipimo cha moshi siku gari linapoingia na hatua ya Euro ambayo injini yake ilijengewa.

Hapo ndipo mizani inaponifanya niamini kwamba jambo hili linawezekana kwetu. Kila mahali moshi wa magari ulipopimwa, imeonekana kwamba magari machache yaliyoharibika hutoa sehemu kubwa ya uchafu wote. Ni jambo la kutia moyo, maana huhitaji kubadilisha malori yote ili hewa ianze kusafika; unahitaji kuyapata yale mabovu. Kipima moshi ni chombo cha kawaida katika nchi nyingi: mpira unaingizwa mdomoni mwa bomba, dereva anakanyaga mafuta mara kadhaa gari likiwa halina gia, na mwanga unapitishwa kwenye moshi kuona ni kiasi gani kimezuiwa. Ni kazi ya dakika chache. Mizani tayari ina umeme, kompyuta, maofisa wa wakala wa barabara TANROADS, eneo la kuegesha na mamlaka ya kulizuia gari. Wala haihitajiki kupima kila lori. Ofisa anayelitazama gari likiondoka anaona kwa macho lile linalotoa moshi mzito, analiita pembeni, na chombo kinathibitisha au kinakanusha. Anayepita anapewa cheti cha miezi kadhaa ili asisumbuliwe kwenye kila kituo.

Kwa anayeshindwa, adhabu ya kwanza iwe matengenezo, maana moshi mweusi mara nyingi una tiba ya gereji. Fundi mzoefu anajua kuusoma: mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma ni mafuta yanayopita bila kuwaka. Anaanza na chujio la hewa, ambalo baada ya wiki chache za vumbi linakuwa zito kama tofali na linagharimu kidogo kulibadilisha. Anaangalia mipira ya tabo kama inavuja. Anazitoa nozeli na kuzipima kama zinanyunyiza ukungu au zinadondosha matone. Mwisho anaigusa pampu, na hapo mara nyingi anakuta imefunguliwa makusudi ili imwage mafuta mengi zaidi, kwa sababu mwenye gari aliambiwa itaongeza nguvu mlimani. Nguvu inaongezeka kidogo, mafuta yanapotea mengi, na injini inakufa mapema kwa joto. Lori likipewa siku 14 za kurekebishwa na kurudi kupimwa, faini ikabaki kwa asiyerudi, wenye malori wengi watajikuta wameokoa fedha za mafuta.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye malori, na si la kupuuzwa. Watasema gharama zitapanda, nauli ya mzigo itapanda, na mwishowe mfuko wa saruji Tunduma na kilo ya sukari Chunya vitapanda. Kwa matengenezo ya kawaida hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa sababu niliyoieleza. Kwa malori mapya ina msingi, hasa kwa mtu mwenye lori moja alilonunua kwa mkopo wa SACCOS. Jibu liko kwenye ratiba na kwenye mitaji. Bandari za Los Angeles na Long Beach zilipoamua kusafisha malori yao, Oktoba 2008 zilianza kwa kuyazuia yaliyotengenezwa kabla ya 1989 pekee, zikasonga hatua kwa hatua hadi 2012, na zikachangia fedha za kuyabadilisha. Uchafu wa malori ulishuka kwa zaidi ya asilimia 80, na bandari hizo zikaendelea kuwa na shughuli nyingi kuliko zote Marekani. India iliruka kutoka hatua ya nne kwenda ya sita Aprili 2020 ikiwa na malori mengi kuliko Afrika Mashariki nzima. Sisi tunaweza kuanza na magari yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza, kutoa miaka kadhaa kwa yaliyopo, na kupunguza ushuru wa lori safi kwa fedha zile zile zinazokusanywa kwa uchakavu. Gharama tunazoziogopa, tena, zinalipwa tayari. Zinalipwa kwenye hospitali ya rufaa Mbeya na kwenye siku za kazi za watu ambao hawajawahi kumiliki lori.

Wapo watakaosema moshi unaoua Watanzania wengi ni wa kuni na mkaa jikoni, kwa hiyo malori yasubiri. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ndiyo maana serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kila mtu anayejali afya anapaswa kuuunga mkono. Lakini mama anayeuza vitunguu barabarani anapikia kuni asubuhi na kuvuta dizeli mchana, na mapafu yake ni yale yale. Kumtoa kwenye moshi wa jikoni na kumwacha kwenye moshi wa malori ni kumtibu nusu. Tofauti nyingine ni kwamba jiko linahitaji mamilioni ya kaya zibadilishe mazoea na ziwe na fedha za gesi, wakati malori ya njia hii yanapita kwenye vituo vinavyohesabika kwa vidole.

Linaulizwa pia swali la malori ya kigeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari haya ni ya transiti, na mengine yana namba za Zambia na Kongo. Sheria yetu itayafikia? Kwa uzito imeyafikia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016, yenye ukomo wa tani 56, ilianza kusimamiwa nchini mwaka 2019, kukawa na malalamiko makubwa, na leo dereva wa Lubumbashi anapanga mzigo wake kwa kuifuata. Kongo yenyewe ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na Zambia tunakaa nayo SADC na kwenye kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019. Mlango wa mazungumzo upo wazi. Hofu ya rushwa ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu kipimo chochote barabarani kinaweza kugeuka kuwa kitega uchumi cha mtu. Kinga yake ni chombo kinachotuma namba ya gari na matokeo moja kwa moja kwenye mfumo, malipo kwa namba ya udhibiti bila fedha mkononi, na dereva kupewa karatasi yenye kipimo chake ambayo anaweza kuipinga kwenye kituo kinachofuata. Na kuhusu mafundi, ni kweli kwamba malori ya Euro ya sita yana vihisi na kompyuta ambavyo gereji nyingi za Mafinga na Uyole hazina vifaa vya kuvisoma. Lori likigoma njiani, kishawishi ni kukata kichujio na kuchomea bomba tupu. Hilo linataka mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ifundishe kazi hiyo mapema, kabla malori hayajajaa, na linataka tukubali hatua ya nne kama daraja la kupitia badala ya kudai ya sita kesho asubuhi.

Wengine watauliza kwa nini tusihamishie mzigo wote kwenye reli tukamaliza. Ningependa iwe hivyo. Treni inatumia dizeli kidogo mara kadhaa kuliko malori kwa kila tani inayobebwa, na bomba la mafuta huhamisha mzigo bila lori hata moja. TAZAMA ilipogeuzwa mwaka 2023 kutoka mafuta ghafi na kubeba dizeli iliyosafishwa hadi Ndola, ilianza kuchukua mzigo ambao ungepita Kitonga kwa matangi. TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haikuwahi kuzifikia, na mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani 100,000. Makubaliano yaliyosainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China yamefungua njia ya kuifufua, na uwekezaji unaotajwa ni dola bilioni 1.4. Hata hivyo reli inachukua miaka kutengenezwa, na Makambako, ambako reli na barabara zinakutana, mzigo wa Njombe na Songea bado utafika kwa lori. Barabara yenyewe inapanuliwa: kipande cha Nsalaga hadi Ifisi ndani ya jiji la Mbeya kinajengwa kwa njia nne. Foleni ikipungua moshi wa gari moja moja utapungua, lakini barabara pana huita magari mengi zaidi.

Mwisho kuna malori ambayo mizani ya barabara kuu haiyaoni, na hapa ndipo Mgololo, wilayani Mufindi, inapoingia. Kiwanda cha karatasi kilichojengwa huko miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, na ambacho leo kinaitwa Mufindi Paper Mills, kinakula magogo ya misindano na mikaratusi kutoka mashamba ya miti ya Mufindi, na viwanda vya mbao na nguzo vya Mafinga vinakula mengine. Kutoka Mafinga kupitia Mtwango hadi Mgololo ni takriban kilomita 80 za kupanda na kushuka kati ya mashamba ya chai na misitu. Njia za ndani ya msitu zina vumbi kiangazi na utelezi masika. Lori linapozeeka linashuka daraja: linaanza maisha Ulaya, linakuja kubeba kontena za Zambia, likishachoka kwa safari ndefu linauzwa kwenda kubeba magogo. Kwa hiyo injini chafu kuliko zote zinaishia msituni, katikati ya vijiji, zikipita mbele ya nyumba zile zile mara nyingi kwa siku, na hazikanyagi Wenda wala Makambako.

Msituni nako hakukosi lango. Shamba la Sao Hill liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na hakuna gogo linalotoka bila kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia, inayokaguliwa kwenye vizuizi. Kibali kikitamka kwamba magogo yatabebwa na lori lenye cheti cha moshi, mwenye lori atakitafuta, kama anavyotafuta hati ile ambayo bila hiyo mzigo wake haufiki popote. Viwanda vinavyopokea magogo vinaweza kuweka sharti hilo hilo getini kwao, na vinavyouza nje vitapata la kuwaonyesha wateja wanaouliza bidhaa imezalishwaje. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinaweza kufunga vihisi vya bei nafuu vya kupima hewa, vya aina ambayo mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukivitengeneza na kuvisambaza Afrika tangu 2015, kimoja Mwanjelwa, kimoja Makambako, kimoja Mtwango, mwaka mmoja kabla ya sharti kuanza, ili baadaye kusiwe na ubishi kama hewa imebadilika au haijabadilika. Kipima moshi chenyewe kinaingia kwenye sanduku ambalo mtu mmoja analibeba, na kulipima lori moja kwenye kizuizi hakuchukui muda mrefu kuliko kuyahesabu magogo yaliyo mgongoni mwake.